Kikundi cha Kukopeshana kwa WhatsApp: Fahamianeni Kwanza, Hela Baadaye



Kila msimu ukikaribia napata swali lilelile kutoka kwa vijana wa Mbozi, Momba na Tunduma mjini: "Afisa, tumeunda kikundi cha kukopeshana kwenye WhatsApp. Tuko ishirini na kitu, wengine hatujawahi kuonana. Tuanze kukopeshana kabla ya mvua?"

Jibu langu: msianze kukopeshana, anzeni kufahamiana. Leo nataka nieleze kwa nini nasema hivyo, na hatua za kufuata, maana kumwambia mtu "kuwa makini" bila kumwonyesha njia si ushauri.

Kwanza nikiri kwamba wazo lenyewe ni zuri. Mkoa wetu wa Songwe una msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Kulimisha, mbegu, mbolea ya kupandia, vibarua, vyote vinataka hela ndani ya wiki chache. Benki inataka dhamana ambayo kijana hana. Mikopo ya chap chap ya kwenye simu na ile ya mitaani tunayoiita kausha damu haikusubiri mahindi yakomae. Kwa hiyo vijana kuchangishana na kukopeshana wenyewe ni jambo la akili. Shida ni kwamba tumechukua kitu kilichokuwa kinafanya kazi kijijini, tukakihamishia kwenye simu, halafu ile sehemu iliyokuwa inakifanya kifanye kazi tukaiacha kijijini.

Kilichokuwa kinaendesha VICOBA

Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa tunaoujua leo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika, na huku kwetu ukazaa VICOBA. Wazazi wetu wengi wamesomesha watoto kwa VICOBA. Angalia mpangilio wake: wanachama 15 hadi 30, na ndani yao wanagawanywa watano watano. Wale watano wanachaguana wenyewe na wanadhaminiana. Ukishindwa kulipa, wa kwanza kuja kugonga mlango ni wale wanne, mwenyekiti anafuata baadaye.

Sasa jiulize, kwa nini mama wa Vwawa anakubali kumdhamini mwenzake? Ni kwa sababu anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote. Anajua shamba la mwenzake liko bonde gani. Anajua mwaka jana alivuna gunia ngapi, maana aliona mkokoteni ukipita. Anajua mume wake ana deni dukani, na anajua mtoto anaumwa. Hakufanya uchunguzi wowote, ameishi naye tu.

Kwenye WhatsApp unachokiona ni picha ya profaili, jina la "Kamanda wa Mahindi" na namba ya simu. Kijana yuko Kamsamba analima mpunga, mwingine yuko Mlowo ana kahawa, mwingine yuko Tunduma ananunua na kuuza mazao mpakani. Wamekutana kwenye grupu la bei za mahindi, wakapatana, wakaanzisha kikundi cha fedha. Hakuna aliyewahi kuona mkokoteni wa mwenzake. Kwa hiyo yale ambayo kijijini mngeyajua bila kuuliza, hapa lazima muyatafute kwa makusudi. Kazi hiyo hamwezi kuiruka.

Somo kutoka Tororo

Kuna jukwaa moja maarufu duniani la kukopeshana kwa intaneti linaitwa Kiva. Lilianzishwa mwaka 2005 na Wamarekani wawili, Matt Flannery na Jessica Jackley, na wakopaji wake wa kwanza walikuwa wajasiriamali wadogo wa Tororo, Uganda, hapa hapa Afrika Mashariki. Mtu akiwa Marekani anaona picha na maelezo mafupi ya mkopaji, anatoa dola 25, na wenzake wanajazia mpaka mkopo unatimia. Baadaye yakaja matimu ya wakopeshaji: watu wa mji mmoja, wa dini moja, wasio na dini. Kila mmoja anaandika kwenye ukurasa wake kwa nini anakopesha, wengine wanasoma, wanazoeana. Timu ya Wakristo na timu ya wasioamini Mungu zilikuwa zikishindana kabisa nani amekopesha zaidi.

Mwaka 2009 mchumi David Roodman akaeleza hadharani jambo ambalo wakopeshaji wengi hawakulijua: mara nyingi mkopaji unayemwona pichani alikuwa ameshapewa hela na taasisi ya fedha ya kwao kabla wewe hujatoa hata senti. Hela yako ilikuwa inairudishia taasisi. Kiva ikabidi ibadilishe namna ya kujieleza, iseme wazi hela inapita wapi.

Mimi hapo najifunza mambo mawili. La kwanza, watu wakisimuliana habari zao wanapata moyo wa kukopeshana, hilo ni kweli, na nyie mlitumie. La pili, picha na hadithi havitoshi kukuambia hela inakwenda wapi. Kule kulikuwa na taasisi katikati yenye ofisi na maafisa waliokwenda kumwona mkopaji. Kwenye grupu lenu la WhatsApp hakuna taasisi. Afisa mikopo ni nyinyi wenyewe.

Mambo matano ya kumjua mwenzako

Haya ndiyo ninayowaambia vijana wayajue kuhusu kila mwanachama kabla shilingi ya mkopo haijatoka.

*1. Jina lake la kweli na laini yake.* Usiridhike na jina la WhatsApp. Kuna njia rahisi: mwanzoni kila mwanachama amtumie mweka hazina mchango mdogo, tuseme 1,000, kwa laini yake mwenyewe. Na mweka hazina akitaka kumrudishia, jina lililosajiliwa linatokea kabla hajathibitisha. Jina la kwenye muamala lifanane na la kitambulisho. Kama laini ni ya shemeji au "ya rafiki aliyesafiri", asajili yake kwanza. Kwa sisi wa mpakani ongeza swali moja: je, ana laini ya Zambia pia? Wengi wa Tunduma wanavuka Nakonde kila siku na wana laini mbili. Si kosa, ila kikundi kijue namba zote, maana siku ya kulipa usiambiwe "nilikuwa upande wa pili, laini ya Bongo ilikuwa haishiki".

*2. Shamba lake au biashara yake iko wapi.* Hapa usikubali jibu la "nalima Momba". Momba ni kubwa. Taja kata, kijiji, kitongoji, ekari ngapi, la kwako au la kukodi. Tofauti ya la kwako na la kukodi ni kubwa: aliyekodi ana gharama ya kodi ambayo lazima itoke kwenye mavuno, na mwenye shamba anaweza kumnyang'anya msimu ujao. Namba ya usajili wa mbolea ya ruzuku, ambayo wakulima walianza kusajiliwa msimu wa 2022/2023, inasaidia kuonyesha kwamba kijiji kinamtambua kama mkulima. Mwenye kahawa ana AMCOS yake. Barua ya mtendaji wa kijiji nayo inasaidia. Lakini ekari za kwenye daftari si lazima ziwe ekari za shambani, kwa hiyo lazima mtu afike. Kama hamuwezi kufika wote, mteueni aliye karibu. Asipokuwepo aliye karibu, apige simu ya video akiwa amesimama shambani, azunguke mipaka, amsalimie jirani wa shamba na jirani aongee.

*3. Kalenda ya hela yake.* Hili ndilo vijana wanalisahau, na kwangu mimi ndilo la muhimu kuliko yote. Nitalirudia chini kwa hesabu.

*4. Madeni mengine.* Mwulize bila kumwonea aibu: uko kwenye vikundi vingapi? Una mkopo wa simu? Duka la pembejeo wanakudai? Kijana mmoja anaweza kuwa kwenye magrupu manne, anakopa hili kulipa lile. Kila grupu linamwona mlipaji mzuri, mpaka siku mzunguko unakatika yote manne yanaumia kwa pamoja. Wekeni kwenye katiba kwamba kuficha deni ni kosa, ila kuwa na deni si kosa. Mkisema mwenye deni hakubaliki, mtakuwa mnawafundisha watu kudanganya.

*5. Nani anamfahamu.* Kila mwanachama aingie kwa mkono wa mwanachama mwingine, na huyo aliyemleta awe na wajibu. Asilipe deni lote, hapana, ila asikope kiasi kikubwa mpaka yule aliyemleta amalize mkopo wake wa kwanza. Utaona watu wanavyochagua vizuri wa kumleta.

Kujuana kalenda: hesabu ya kikundi

Watu wengi wanadhani tunafahamiana ili tusitapeliwe. Hiyo ni nusu tu. Kikundi cha watu waaminifu kabisa kinaweza kukwama kwa sababu hawajuani kalenda.

Tuseme mko 20, kila mmoja anaweka 10,000 kwa wiki, kwa wiki 12. Kila mtu amefikisha 120,000 na kikundi kina 2,400,000. Mmefuata utaratibu unaojulikana kwenye VICOBA kwamba mtu anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya alichoweka, yaani 360,000. Sasa wote 20 ni wakulima wa mahindi. Novemba inafika, wote wanataka 360,000 ya mbegu na mbolea. Wote wakipewa inatakiwa 7,200,000. Mnayo 2,400,000. Watapata watu sita, mwingine wa saba atapata kipande, na 13 wataangalia. Hapo ugomvi unaanza: "kwa nini yeye, kwa nini si mimi, ni kwa sababu ni shemeji wa mwenyekiti." Hakuna mwizi hapo. Kalenda zimegongana.

Halafu Julai inafika. Wale sita wote wanavuna pamoja, wanatakiwa walipe pamoja, wanauza pamoja wakati bei iko chini kabisa. Mvua ikigoma, au viwavijeshi vamizi vikiingia, wote wanaumia mwaka huo huo.

Sasa chukua kikundi hicho hicho, ila wanachama wamechanganyika. Watano wa mahindi na maharage wa Mbozi, wanne wa kahawa, wanne wa mpunga wa Kamsamba, watatu wa ufuta, wanne wanafanya biashara ndogo au ufugaji wa kuku Tunduma na Mlowo. Huyu wa mahindi anataka hela Novemba. Wa ufuta anahitaji kulimisha na kupanda baadaye, mvua ikiwa imeshakolea. Wa mpunga ana kipindi kizito cha vibarua wa kupandikiza na kupalilia. Wa kahawa anasumbuka zaidi wakati wa kuchuma, na malipo yake yanakuja baada ya mauzo, si siku anayopeleka. Mwenye kuku na mwenye duka ana hela kidogo kidogo mwaka mzima, huyo anakopa mwezi mmoja na kurudisha, anauzungusha mfuko wakati wakulima bado wanasubiri mvua. Shilingi ileile inahudumia watu wengi ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo kaeni mchore kalenda moja ya kikundi. Karatasi kubwa, miezi 12 kwa juu, majina pembeni. Kila mtu aweke alama mbili: mwezi anaohitaji hela, na mwezi anaopata hela. Nawaambia kweli, kazi hiyo ya jioni moja inawafahamisha watu kuliko salamu za "asubuhi njema" za miezi sita. Mtu wa Tunduma ambaye hajawahi kushika jembe anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mwenzake wa Kamsamba hawezi kulipa Februari hata umfunge kamba. Na mkulima anaelewa kwamba mfanyabiashara hela yake ikikaa bila kuzunguka ni hasara.

Kalenda pia inawaonya kuhusu riba. Kijana anasikia "asilimia 5 kwa mwezi" anaona ndogo. Akikopa 360,000 Novemba na kulipa Julai, ni miezi 8. Asilimia 5 ya 360,000 ni 18,000. Mara 8 ni 144,000. Atarudisha 504,000. Tuseme gunia la mahindi wakati wa mavuno ni 50,000, hizo ni gunia 10 na kidogo. Je, ile mbolea aliyoinunua itamwongezea zaidi ya gunia 10? Kama shamba ni ekari 1 na hajapima udongo, apige hesabu mara mbili. Kikundi kinachomfahamu mkulima kinamwekea riba ya msimu, si riba ya muuza chipsi. Wekeni viwango viwili: cha mkopo wa muda mfupi kwa wenye biashara, na cha msimu kwa wa shambani, na mjadili kwa uwazi kwa nini vinatofautiana.

Hatua kwa hatua

Vikundi ninavyoviona vikidumu vinapita hatua kama hizi.

*Mwezi wa kwanza: hakuna hela.* Kila mwanachama anajitambulisha kwa sauti, si kwa maandishi. Dakika 3 zinatosha: jina, kijiji, analima nini, msimu uliopita alipata nini, alipoteza nini, na anataka hela ya kufanyia nini. Sauti inasaidia kwa sababu mtu anayesoma maandishi ya kunakili mahali utamgundua. Siku mbili tatu watu wanauliza maswali. Msimamizi apange wanachama wawili kwa siku, wasijazane.

*Kutana ana kwa ana angalau mara moja.* Songwe si mbali kiasi hicho. Chagueni katikati, Vwawa au Mlowo, siku ya mnada, kila mtu ajilipie nauli. Asiyeweza kuja mara moja kwa mwaka kwa ajili ya hela zake, atakuja kweli siku akidaiwa? Anzeni kwa kusalimiana kikwetu. Huku kwetu kuna Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila na wageni wengi wa mpakani, na utani wetu unasaidia kuvunja ukimya. Ila wekeni sheria kwamba mambo ya fedha yanaongelewa Kiswahili, ili asiwepo anayekaa pembeni haelewi.

*Miezi mitatu: kuweka tu.* Kila wiki, siku ileile, kiasi kilekile. Kuweka akiba kwa wakati kunakueleza tabia ya mtu kuliko barua kumi za mtendaji. Anayechelewa wiki 4 kati ya 12 bila kutoa taarifa atachelewa na mkopo pia. Anayechelewa lakini anatoa taarifa mapema, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi.

*Mkopo mdogo kwanza.* Kila mtu akope kidogo, hata 50,000, alipe ndani ya mwezi, hata kama haihitaji sana. Mnapima njia: je, hela inafika, je, kumbukumbu inaandikwa, je, mtu anarudisha bila kukumbushwa mara tano.

*Ndipo mkopo wa msimu.* Kwa kufuata kalenda mliyochora, na kwa vikundi vidogo vya watano watano. Kwenye hao watano, hakikisheni angalau wawili wanakaa karibu, na angalau mmoja ana kipato kisichotegemea mvua.

Hela ikae wapi, nani aiguse

Hela isikae kwenye simu ya admini. Hata akiwa malaika, malaika naye anaibiwa simu stendi ya Tunduma. Tumieni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, au huduma za vikundi za kampuni za simu, kama M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, ambapo kutoa hela kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja na wanachama wanapata taarifa ya miamala. Na mtu anayeshika daftari asiwe yule anayeshika hela.

Halafu sajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne. Vikundi vya kijamii kama chenu viko daraja la nne, na usajili wake unafanyika halmashauri. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha. Grupu la WhatsApp peke yake si kikundi mbele ya sheria. Faida ya kusajili ni kwamba mnaweza kufungua akaunti, kushitaki na kusikilizwa, na kuomba mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na kule nako mtaulizwa mnafahamiana vipi.

Kufahamiana si kuanika siri za watu

Hapa naomba tuelewane. Nikisema mjuane sijasema kila mtu atupie picha ya kitambulisho cha NIDA kwenye grupu. Grupu lina watu 20, simu 20, na watoto wanaozichezea simu hizo. Picha ya NIDA ikizagaa inaweza kutumika vibaya. Vitambulisho avione na kuvitunza katibu peke yake, kwa nakala ya karatasi iliyofungiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za mwenzako ni dhamana mikononi mwako. Madeni na shida za familia ziishie kwa wale watano wake.

Mambo mengine ya usalama ambayo kila mwanachama ayajue:

- Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma.
- Namba ya siri, na zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, usimpe mtu. Hata mwenyekiti. Wezi wakizipata wanaiteka WhatsApp yako na kuomba hela kwa jina lako.
- Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bado inakula watu. Kanuni ya kikundi iwe: namba ya kutuma hela haibadilishwi kwa meseji. Ikibadilika, mweka hazina na mwenyekiti wanapiga simu, unasikia sauti unayoijua. Ndiyo maana nilisema mjitambulishe kwa sauti.
- Meseji za utapeli ripoti kwa kutuma namba ya tapeli kwenda 15040.
- Mtu akileta kwenye grupu programu ya mkopo wa haraka, msiipakue mpaka mhakikishe ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni. Wengi mnajua tabia yake: ukichelewa, ndugu zako wote kwenye orodha ya simu wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Na nyie kwenye kikundi msifanye hivyo. Kumweka mtu picha kwenye grupu na kuandika "mwizi" hakujawahi kurudisha hela. Kunamfanya ajitoe kwenye grupu na kubadilisha laini.

Mtu akichelewa kulipa

Faida ya kufahamiana utaiona siku hii. Mbele ya deni lililochelewa kuna swali moja tu: hawezi, au hataki? Mtu msiyemjua hamuwezi kujibu. Mtakisia, na mkikisia hasira ndiyo itakayojibu.

Kuna kikundi ninachokifahamu, wanachama wake wako Tunduma, Mlowo na bonde la Momba. Kijana mmoja wa mpunga alinyamaza wiki tatu baada ya tarehe ya kulipa. Kwenye grupu wakaanza: "huyo kashakula, tumtoe, tukamate pikipiki yake." Pikipiki ndiyo ilikuwa inamletea hela ya kula. Mmoja wa watano wake, dada mwenye duka Mlowo, akasema subirini, mimi shamba lake nilifika, liko chini karibu na mto, nataka nilione. Akapanda gari na mwenzake mmoja. Walikuta maji ya mto yamepita kwenye majaruba, mpunga umelala na mchanga juu. Jamaa alikuwa hapokei simu kwa aibu.

Walichofanya ni hiki: walipiga picha, wakarudi na maelezo, kikundi kikamsimamishia riba, akalipa kidogo kidogo kwa kazi ya pikipiki, na salio likasogezwa hadi mavuno yaliyofuata. Amelimaliza. Wangekamata pikipiki wangepata sehemu ndogo ya deni na kumpoteza mtu. Na kwa upande wa pili, kama dada yule angefika akakuta mpunga umeshauzwa na jamaa amejenga, basi hatua za katiba zingefuata siku hiyo hiyo bila ubishi. Kumjua mtu si kumwonea huruma. Ni kujua ukweli wake mapema, upende usipende.

Hakikisheni katiba inasema wazi: siku ngapi baada ya tarehe watano wake wanampigia, siku ngapi wanamtembelea, nani anaamua kusogeza, mara ngapi inaruhusiwa, na lini dhamana inachukuliwa. Mkiandika haya wakati wote mna amani, siku ya ugomvi mtasoma tu.

Kabla hamjatoa mkopo wa kwanza, jiulizeni

1. Je, kila jina tumelithibitisha kwa muamala na sauti?
2. Je, kila shamba au biashara limefikiwa na angalau mwanachama mmoja?
3. Je, kalenda ya kikundi imechorwa na kila mtu ana nakala?
4. Je, madeni mengine yametajwa?
5. Je, kila mtu ana watano wake?
6. Je, hela iko mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuitoa?
7. Je, halmashauri inatujua?

Kama jibu la hata moja ni hapana, mkopo wa msimu usubiri. Endeleeni kuweka akiba, kila mtu anunue mbolea kwa alichoweka mwenyewe mwaka huu, na mkope mwakani. Najua mvua haisubiri. Lakini ekari moja iliyolimwa kwa hela yako ni bora kuliko ekari tano za deni la watu usiowajua na wasiokujua.

Wanaotaka karatasi ya kalenda ya kikundi yenye mazao ya Songwe, wanipigie simu au wapite ofisini, nitawachorea. Vikundi vya Mbozi na Tunduma mkipanga siku ya kukutana, niambieni mapema, nikiwa na nafasi nitakuja tuongee na mambo ya mbegu.

Kazi njema shambani.